Mwizi, Utajulikana

Nimestaafu. Najua neno hilo mmezoea kulisikia kwa watu wenye mvi, wanaofuatilia mafao yao wakiwa na bahasha ya kaki kwapani. Mimi sina mvi wala mafao, na mama yangu bado ananiita msichana. Lakini kazi niliyoifanya imekufa kabla yangu, na mtu ambaye kazi yake imekufa akabaki yeye amesimama sijui mnamwita nani.

Nilikuwa najaza nyimbo. Nilikaa kwenye kibanda cha mbao Nyamagana, jirani na soko, mbele ya kompyuta iliyovuliwa ubavu mmoja ili ipate hewa, na watu wakaniletea flashi na memori kadi. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ambayo hakuna aliyeiomba. Wateja wapya waliinama dirishani, wakanitazama, wakauliza, "Dada, fundi yupo?" Nikawajibu kwamba fundi ametoka, waache kadi. Nikajaza, wakarudi, wakamshukuru fundi.

Nawaandikia nyie mliozaliwa mkakuta nyimbo zinashuka kutoka hewani. Juzi mtoto wa dada yangu alinitambia kwamba simu yake ina nyimbo zote za dunia. Nikamwambia azime data, kisha anipigie wimbo mmoja tu, wowote. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Akasema, "Mamdogo, ngoja kwanza ninunue bando."

Basi huna nyimbo. Una ruhusa ya kusikiliza, na aliyekupa anaweza kuamka kesho na mawazo mengine. Mnaniona mshamba ninaposema hivi, mkiwa mmejaza masikio vile vidude vyeupe visivyo na waya, ambavyo kimoja kikidondokea kwenye mtaro unabaki unasikiliza nusu ya bendi. Mnaviita maendeleo. Mimi nilikuwa nauza maendeleo kwenye kibanda na nawaambia yana harufu ya plastiki iliyoungua.

Tuanze na ujuzi wenyewe, maana hamna pa kuusoma. Redio ya gari ya bei rahisi haijui alfabeti. Wewe panga majina ya nyimbo upendavyo, yenyewe itapiga kwa mfuatano ulioingiziwa. Kwa hiyo dereva akitaka kwaya asubuhi na mdundo mchana, unaingiza wimbo mmojammoja kwa zamu hiyo, kwa subira, kama unavyolisha mtoto uji. Memori kadi ya machinga usiiamini maandishi yake. Ijaze yote mbele ya mteja, kisha upige wimbo wa kwanza. Kama ni feki, wimbo wa kwanza utakuta umeliwa na wa mwisho. Wenye mashua za dagaa waliokuja kujaza nyimbo za kwenda nazo visiwani walikuwa wananibusu mikono kwa hilo peke yake, maana kugundua ukiwa kisiwani kwamba una wimbo mmoja unaojirudia mwezi mzima ni adhabu ambayo hata mahakama haina.

Na jifunzeni kusikiliza watu wakiguna nyimbo. Mteja hajui jina la wimbo. Anakuja anakwambia, "Ule wa mwanamke analia lakini anafurahi," halafu anakuimbia puani kipande ambacho hakipo kwenye wimbo wowote. Simu zenu siku hizi zinatambua wimbo zikiusikia. Zileteeni mama wa Kirumba mwenye mafua tuone.

Bosi wangu alikuwa Haruna. Alianza na kaseti kabla sijazaliwa, akaja CD, akaja flashi, na kila mara alipobadilisha alisema hii ndiyo ya mwisho. Mimi aliniita Profesa, si kwa heshima. Nyuma ya kibanda alikuwa na chumba alichopachika magodoro ukutani, na humo alirekodi vikundi vya ngoma na waimbaji waliotoka Misungwi, Magu na kwingine. Duka aliliita Sauti Safi. Kila kazi iliyotoka kwenye chumba kile aliipiga muhuri wa mdomo. Yaani wimbo ukiwa umefika patamu, mwimbaji yuko katikati ya ubeti, inaingia sauti ya Haruna, nzito kama ya mtu anayetangaza msiba: "Sauti Safi, Mwanza. Mwizi, utajulikana."

Mara tatu kwa kila wimbo. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake ya kunakili.

"Bosi," nilimwambia siku za mwanzo, "mwizi anaiba wimbo pamoja na sauti yako ndani. Umezuia nini?"

"Nimemzuia kusema ni wake."

"Wezi wa nyimbo hawasemi ni zao. Wanasema zinauzwa."

"Profesa," akasema, "chuo kilikufundisha kuuliza. Hakikukufundisha kunyamaza mteja akiwa dirishani."

Alikuwa mbishi na kinga yake haikuzuia kitu. Lakini nikimlinganisha na waliokuja baadaye, namwona malaika. Kulikuwa na CD moja ya kwaya iliyotoka Dar ikiwa imefungwa kitaalamu, isinakilike kwenye kompyuta. Ilifanikiwa. Haikucheza kwenye kompyuta, wala kwenye redio za magari, wala kwenye deki nyingi. Muumini aliyenunua dukani kwa uaminifu wake alirudi nyumbani na kioo cha kujitazamia chenye tundu katikati. Sisi wezi tulitafuta deki moja iliyoikubali, tukachomeka waya kutoka deki hadi kompyuta, na kabla ya chai ya saa nne tulikuwa nayo. Wiki iliyofuata mwalimu wa kwaya hiyohiyo alikuja kwetu, akajifanya mteja wa kawaida, akanunua kazi yake mwenyewe. Ya kwetu ilikuwa inacheza.

Msidhani nawatetea vibanda. Haruna aliwaita waimbaji wadau na wadau hawakuona kitu. Ninachosema ni kwamba katika miaka yote ile sikuona kufuli hata moja iliyomfungia mwizi nje. Zote zilimfungia ndani mwenye nyumba. Na iliyonifanya nilione hilo kwa macho yangu ni ya Luhende.

Luhende alikuwa manju, yaani kiongozi na mtunzi wa kikundi cha ngoma, kule Usagara. Mnaopita njia panda ile mkielekea Shinyanga au Geita mnaijua kwa mahindi ya kuchoma tu. Mimi naijua kwa Luhende. Watu wa kilimo walimwita aimbe huku wanalima, majembe yakishuka kwa mdundo wake, na wakati wa mavuno kikundi chake kilishindana na kikundi cha Malimi, manju wa upande wa pili wa barabara. Kama hamjawahi kuona mashindano hayo, ni hivi: kila kikundi kinacheza kivyake, na watu wanakimbilia penye utamu. Anayebaki na uwanja mtupu ameshindwa. Kwa hiyo maneno makali ni sehemu ya kazi. Manju anamtukana manju mwenzake kwa ubeti, mwenzake anarudi na jibu mwaka unaofuata, na watu wanasubiri jibu hilo kama nyie mnavyosubiri msimu mpya wa tamthilia.

Luhende alirekodi kwa Haruna. Nilikuwepo. Aliposikia ule muhuri umewekwa katikati ya ubeti wake nilidhani atavunja kipaza sauti. Akacheka. "Mwacheni," akasema. "Hata shambani hapakosi mtu wa kupiga kelele katikati ya wimbo."

Kisha akaja kijana wa programu. Alitoka Dar na viatu vyeupe ambavyo havikuwa vimewahi kuonana na tope la soko. Kampuni yake ilikuwa inakusanya nyimbo za asili ziwekwe kwenye programu ya simu, watu wazinunue humo na zisinakilike.

"Kazi yako italindwa, mzee," alimwambia Luhende.

"Italindwa na nani?"

"Teknolojia."

"Namaanisha, ilindwe isiibiwe na nani?"

"Na watu wanaosikiliza bure."

Luhende alimtazama kwa upole. "Baba, mimi naimba shambani. Wote wale wananisikiliza bure. Wengine wako ng'ambo ya mto."

Lakini aliambiwa atasikika Ulaya, na hakuna manju anayekataa kusikika mbali kuliko Malimi. Akakubali. Kijana akachukua zile nyimbo safi, zisizo na sauti ya Haruna, kisha akasimama nyuma ya kiti changu mpaka nikazifuta zote kwenye kompyuta yetu, safi na zenye muhuri, ili zisivuje. Ndivyo makubaliano yalivyotaka. Haruna alisaini bila kusoma. Nilimwambia asome. Akaniambia ninyamaze, mteja yuko dirishani.

Mkewe Luhende, Mama Kabula, alinunua nyimbo hizo kwenye simu yake. Nataka msome sentensi hiyo tena. Mwanamke aliyezisikia nyimbo zikitungwa jikoni kwake alizinunua, kwa sababu alitaka kumuunga mkono mume wake kihalali.

Luhende akafariki. Ile kampuni nayo ikafa kifo cha kampuni, yaani bila matanga: siku moja simu zao zilipokelewa, siku nyingine hazikupokelewa.

Mama Kabula alikuja kibandani wakati nimeshaanza kung'oa rafu. Wateja walikuwa wamekwisha, wote wameingia huko kwenu hewani. Niliona kwanza mkono wenye simu ukiingia dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fundi yupo?"

"Ni mimi, mama."

Hakuonekana kushangaa, nikampenda hapohapo. Akaniambia Jumamosi inayofuata wanaweka msalaba kwenye kaburi la Luhende. Kwa mila za vikundi vile viwili, siku hiyo ngoma inapigwa, na manju ambaye wimbo wake unasikika nyumbani kwa mwenzake siku ya msalaba ndiye anahesabika amefunga mashindano. Kikundi cha Luhende kilikuwa kimesambaa baada yake, vijana wameenda migodini, wengine wanaendesha bajaji hapa mjini. Malimi alikuwa ameshasema atakuja na watu wake wote.

"Atasimama kwenye uwanja wangu," Mama Kabula alisema, "aimbe, na mume wangu amenyamaza. Sitaki. Nataka Luhende aimbe mwenyewe. Nimekodi sabufa. Lakini simu imegoma."

Nikaifungua ile programu. Picha ya Luhende ikatokea, amevaa manyoya kichwani, anacheka. Nyimbo zote zipo, kila moja na kufuli kidogo pembeni. Nikabonyeza. Simu ikaandika kwamba leseni haijathibitishwa, niunganishe mtandao. Nikaunganisha. Ikatafuta. Ikaandika haijampata mwenyewe, nijaribu baadaye. Mwenyewe alikuwa hayupo tena duniani na simu ilikuwa inaniambia nijaribu baadaye.

"Si nilizilipia?" aliuliza.

"Ulizilipia, mama."

"Na zimo humu?"

"Zimo."

"Sasa inamuomba nani ruhusa?"

Nikachomeka simu kwenye kompyuta. Mafaili yalikuwepo, nilijaribu kuyatoa kwa kila njia niliyoijua, yakatoka kama mchanga, mlio wa redio isiyo na kituo. Walioyafunga hawakuwa wajinga. Ndiyo kazi moja waliyoifanya vizuri. Fikirini akili zote zile, vijana waliosoma kuliko mimi, wamekesha ili mjane wa Usagara asimsikie mumewe.

Nilikwenda kwa Haruna, Kiseke, alikokuwa amepumzika kwa mwanawe. Nilimkuta kibarazani anagombana na spika inayoongea. Unaiwasha inakwambia kwa Kiingereza kwamba iko tayari kuunganishwa.

"Hii, Profesa, nimeinunua mwenyewe na inataka tufahamiane kwanza," alisema. Nilipomweleza shida yangu akazima kile kispika. "Sina. Si tulifuta? Uliyefuta ni wewe, kwa kidole chako. CD je? Luhende nilimpa boksi zima."

Boksi zima nililipata kwa Mama Kabula, shambani. Wasukuma wa shamba la mtama wanajua: CD ukiitungika kwa uzi inawaka juani na ndege wanaogopa. Zilikuwa zimening'inia kwenye miti mistari mizima, zimebabuka, zimetoboka, upande wa nyuma unaona mwanga. Nilitembea katikati yake nikizishika mojamoja. Kwenye baadhi lilibaki jina la Sauti Safi. Nilizipeleka kwenye deki ya jirani na hakuna iliyokubali. Ndege peke yao ndio walifaidi kazi ile mpaka mwisho.

Nikasimama njia panda nikawauliza waendesha bodaboda, maana hao ndio maktaba ya mkoa huu. Mmoja, jina lake Shija, alicheka kabla sijamaliza.

"Nyimbo za Luhende? Dada, muulize Malimi."

"Malimi si adui yake?"

"Ndiyo maana. Utamjibuje mtu hujamsikiliza? Yule kila akitaka kutunga anamsikiliza Luhende kwanza. Ila atakukatalia."

Nilimwambia Mama Kabula twende wote. Akakataa. Alisema yeye hawezi kukanyaga uwanja ule kwenda kuomba, labda wampeleke amefungwa kamba. Akabaki barabarani ananunua nyanya ambazo hakuzihitaji, nikaenda peke yangu.

Malimi alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, mzee mrefu mwenye kofia pana ya ngozi, anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, akaitika. Nikaomba.

"Mimi?" alisema. "Mimi nikae nimsikilize Luhende? Kwa lipi?"

"Nimeambiwa unazo, mzee."

"Umeambiwa na watu wa bodaboda. Wale hata dini yako watakwambia."

Sauti ya mkewe ikatoka jikoni, bila haraka yoyote. "Si ile flashi nyekundu iliyo kwenye redio? Unayoipiga kila asubuhi ukidhani nimelala?"

Malimi akaendelea kuchonga. Alichonga pahali palipokuwa pameshachongeka.

"Alizipata wapi Mzee hizo nyimbo?" nilimuuliza mkewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anajibu.

"Alimtuma kijana akanakili kutoka kwa jirani. Kununua aliona aibu."

"Mke wangu, mboga zinaungua."

"Haziungui."

Nikamwambia Malimi ukweli wote: kufuli, kampuni iliyokufa, CD za ndege, simu inayomtafuta mwenyewe. Nikamwambia kwamba asiponipa, Jumamosi uwanja ni wake. Nilijua nampa sababu ya kuninyima. Lakini nimekaa miaka dirishani, na mteja ukimficha kitu anakijua kwa uso wako.

Akauweka mpini chini. "Nimeshatunga," akasema. "Wimbo wa msalaba wake. Mzuri. Ulikuwa ummalize."

"Sawa, mzee."

"Sasa kummaliza mtu asiyejibu, huo ni ushindi gani? Watu watasema nimemshinda kwa sababu simu yake imegoma." Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na flashi nyekundu iliyofungwa uzi. "Nitaimba baada yake. Watu wapime. Lakini hii inarudi."

Kompyuta yangu ilikuwa bado haijanunuliwa na mtu wa vyuma chakavu. Nikachomeka flashi. Luhende akatoka, kifua kizima, majembe yanasikika nyuma yake, na mimi na Mama Kabula tukakaa kwenye kile kibanda kisicho na rafu. Kisha akaingia Haruna: "Sauti Safi, Mwanza. Mwizi, utajulikana."

Fikirini kidogo. Kaburi, msalaba, katekista amesimama na kitabu chake, halafu sauti kutoka kwenye sabufa inawaambia waombolezaji kwamba mwizi atajulikana. Nikamwambia Mama Kabula asubiri, nitaitoa. Nilikaa mchana mzima na vipokea sauti masikioni. Haiwezekani. Haruna alimwaga sauti yake juu ya sauti ya Luhende zikaiva chungu kimoja. Kila nilipomkata Haruna nilimkata na Luhende. Nikipunguza mmoja, mwingine anakwenda kuzungumza chini ya maji. Siku hizi mnasema kuna akili za kompyuta zinazotenganisha sauti. Nilizijaribu pia. Zilinipa Luhende mwenye sauti ya mtu aliyemeza filimbi.

Nikampigia Mama Kabula nikamwambia imeshindikana, Haruna atabaki mle.

"Kwani upo mwingine ambao hana?" aliuliza.

"Ulikuwepo. Ndio ulio kwenye simu yako."

"Ule sikuuzoea. Tuliusikiliza mara moja, Luhende akasema umekuwa kama nyumba isiyo na jirani." Kisha akaongeza, "Weka wa kofia kwanza."

Wimbo wa kofia nilikuwa naujua. Luhende anasema ndani yake kwamba Malimi huvaa kofia pana ili maneno yasimtoke kichwani yakakimbilia kwa watu wenye akili. Nikamuuliza Mama Kabula kama ana hakika, kwa vile flashi imetoka kwa Malimi mwenyewe.

"Ndiyo maana nataka huo," alisema.

Jumamosi watu walijaa. Haruna alikuja na kanzu yake, nikampangia kiti kivulini karibu na waya za sabufa ili nimwone. Malimi alikuja na kikundi chake chote, ngoma zimefunikwa vitenge, yeye mbele na kofia ile. Wakasimama upande mmoja wa uwanja. Upande wa pili, palipopaswa kuwa na kikundi cha Luhende, palikuwa na sabufa juu ya meza ya plastiki. Nawaambia ilionekana kitu kidogo sana. Nilijuta kuwa sehemu ya jambo lile. Nilishaanza kutafuta maneno ya kumwambia Mama Kabula baadaye.

Katekista akamaliza. Msalaba ukasimama. Mama Kabula akanitazama, nikabonyeza.

Luhende akaimba. Mwanzoni watu walikaa kimya, wanatazama chini, wanawake wachache wakafuta macho. Ubeti wa kwanza ukapita. Ukaja wa kofia, na hapo nikaona mabega yanaanza kutikisika, watu wanabana vicheko kwa sababu ya kaburi, hakuna anayethubutu kumwangalia Malimi. Neno la watu wenye akili likatoka. Mimi nilifumba macho maana nilijua kinachofuata.

Kilichofuata sikukisikia kwenye sabufa. Kilisemwa na uwanja mzima, wapishi kwenye mafiga, wazee, watoto juu ya ukuta, kwa sauti nzito ileile ya kutangaza msiba: "Sauti Safi, Mwanza. Mwizi, utajulikana."

Walikuwa wanaujua. Wote walijifunza wimbo ule kutoka kwenye nakala za nakala, na hakuna aliyewahi kuusikia bila Haruna. Kwao pale ndipo watu wanapoitikia. Nikamtazama Haruna. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, mdomo wazi, kama mtu aliyeitwa jina lake na watu asiowajua.

Kwenye muhuri wa pili Malimi alivua kofia. Akaishika kifuani, na kwenye neno mwizi alipaza kuliko wote, na sasa watu wakacheka bila kubana, pamoja na katekista. Mke wa Malimi alicheka mpaka akashikiliwa.

Wimbo ulipokwisha watu waligeuka kumsubiri yeye. Aliitazama sabufa kwa muda. Akawaambia watu wake wafunue ngoma, wakafunua, na akaanza, si ule aliotunga. Akauanza upya ule wa kofia, wa kumtukana yeye mwenyewe, na vijana wake wakaucheza mpaka vumbi likafunika msalaba.

"Profesa," Haruna aliniambia baadaye, "haya sema. Nilizuia nini?"

"Hukuzuia kitu, Bosi."

"Kitu chochote?"

"Chochote kabisa. Ndiyo maana tumeupata."

Alifikiria hilo, na sikujua kama limemfurahisha au limemuudhi. Aliniomba nimwitie bajaji.

Nilikuwa nakunja waya Malimi alipokuja, kofia imerudi kichwani. "Binti, flashi yangu."

Mama Kabula alifika kabla sijajibu. Aliichomoa mwenyewe kwenye sabufa, akaifunga kwenye ncha ya khanga yake.

"Hii inabaki kwa mwenyewe," alisema.

"Mama Kabula, flashi ni yangu. Nimeinunua."

"Na kilichomo?"

Malimi akakohoa. Akanitazama mimi, kana kwamba shahada yangu ingemsaidia. Akatazama uwanja, watu bado wamekaa na sahani za pilau, wengine wanaimba kile kipande cha kofia wakitafuna.

"Asubuhi nitasikiliza nini?" alisema, taratibu, na hakuwa anatania.

Mama Kabula alimwangalia vizuri. Kisha akafungua ile ncha ya khanga, akanipa flashi. "Mwanangu, nakili zote. Mpe na ule aliotukanwa mama yake."

Nikawasha palepale juu ya meza ya plastiki kompyuta yangu, niliyokuja nayo kwa bajaji isije sabufa ikagoma, nikamwingizia Malimi wimbo mmojammoja kwenye flashi yangu ya akiba, kwa mfuatano alioutaja mwenyewe, kwa kuwa redio yake haijui alfabeti. Vijana walipoona wakaja na simu na kadi zao wakapanga foleni, na Mama Kabula akasimama kando yangu akiwaambia ndiyo, na wewe ndiyo, na wewe pia. Katika kazi yangu yote hiyo ndiyo leseni pekee niliyoiona ikitolewa na mwenye mali, na haikumuomba mtu yeyote aunganishe mtandao.